Mama Thelathini na Mshale wa Jiwe 1147

Ijumaa, tarehe 28 Juni 2024. Asubuhi imeamka na ukungu. Saa moja na nusu ukawa umepanda, yakabaki manyunyu mepesi kwenye vioo vya maabara.

Leo saa kumi kamili jioni fundi wetu wa slaidi atavua aproni yake ya mpira na kuitundika kwa mara ya mwisho. Ameitumikia maabara hii ya miamba miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku ishirini na nane, tangu Jumatatu tarehe 1 Februari 1993. Katika muda huo ametengeneza slaidi 19,412. Hesabu hiyo si ya kukisia. Imetolewa kwenye rejista, ukurasa kwa ukurasa, na imerudiwa mara mbili.

Wageni wa ofisi hudhani anaitwa Mama Thelathini kwa sababu ya miaka ya kazi, au kwa sababu ya watoto. Swali la watoto hulijibu mwenyewe: "Ninao wawili, na hao wawili wamenitosha." Jina limetoka kwenye kazi yake. Jiwe hukatwa kwa msumeno wa almasi, kipande chake kikagandishwa kwenye kioo, kisha kikasagwa kwa unga na maji mpaka ubaki unene wa mikroni thelathini, ambao haufiki nusu ya unywele. Hapo jiwe lililokuwa jeusi kama chungu hupitisha mwanga, na mtaalamu akiliweka chini ya hadubini huona kila punje ilivyolala. Mikroni arobaini hazifai. Zikibaki kumi, jiwe limekwisha, limekwenda na maji. Fundi kijana akimpelekea slaidi nene, huitazama mara moja tu na kuirudisha: "Hili bado blanketi. Nataka kanga iliyofuliwa miaka kumi."

Mumewe, ambaye ni fundi cherehani, hulalamika kwamba ugonjwa huo umeingia hadi jikoni. Anasema vitunguu vya mke wake unaweza kuviweka juu ya gazeti na ukasoma habari zote, na kwamba tangu waoane hajawahi kutafuna kitunguu, amekuwa akikihisi tu.

Mwaka 2017 ofisi ilipofunga mashine ya kutambua wafanyakazi kwa alama za vidole, mashine ilimkataa. Unga wa kusagia ulikuwa umekwisha kula alama zote kumi. Kila asubuhi aliweka kidole, mashine ikalia na kuandika "hajulikani". Mwisho wa mwezi idara ya utumishi ilimwandikia barua ya onyo kwa utoro wa siku ishirini na mbili, na barua hiyo akaipokea akiwa mezani kwake, akisaga. Aliisoma, akaifuta maji, akamwambia tarishi, "Waambie mtoro amepokea."

Wanafunzi wa shule walipotutembelea, yeye ndiye aliyekabidhiwa kuwaeleza miamba metamofiki, yaani miamba iliyogeuzwa na joto na mgandamizo. Alipanga mezani vipande vitatu: udongo mkavu wa mfinyanzi, jiwe jembamba la kijivu linalobanduka kama kurasa, na jiwe la tatu linalometameta kwa ulanga, madini ya vijani vyembamba. Akawaambia ni kitu kimoja. Udongo ule umezikwa chini kilomita nyingi, ukabanwa na uzito wa milima, ukapata joto la nyuzi mia tatu, mia nne, mia tano. Haukuyeyuka. Hilo alilirudia sana, kwa sababu kila mtoto hudhani jiwe lazima liyeyuke kwanza ndipo ligeuke. Linageuka likiwa gumu vilevile. Madini ya zamani huvunjika, mapya huota mahali pake, na vijani vya ulanga hujilaza vikikingama na nguvu inayobana, vyote upande mmoja. "Kama watoto watano kwenye kitanda kimoja," alisema. "Mmoja hawezi kulala chali. Wakigeuka, wanageuka wote."

Mtoto mmoja aliuliza mgeuko huo huchukua muda gani.

"Miaka milioni kadhaa, baba. Ndiyo maana mimi sina haraka na slaidi yako."

Mafanikio yake makubwa kitaalamu ni slaidi namba 6208. Alikuwa akikata jiwe la ulanga mwaka 2002, mara akazima msumeno. Alisema mlio umepanda. Ulanga ni laini, na msumeno ukipita humo huguna. Ukigusa ganeti, punje ya madini magumu, mlio hupanda kama mtu aliyekanyagwa. Alisogeza jiwe milimita chache akakata katikati ya ganeti hasa. Chini ya hadubini ilionekana ganeti iliyoota huku ikizungushwa na mgandamizo, ndani yake mistari ya punje ndogo imejipinda. Wataalamu wameitumia slaidi hiyo kufundishia mpaka leo. Sikio lililoisikia halisikii vizuri tena. Miaka sita sasa tukimwita tunakwenda kusimama mbele yake.

Hapa wasifu wa kawaida ungetaja vyeti, semina na mafundi kumi na mmoja aliowafundisha. Mwenyewe amekataa. Kamati ya sherehe ilipomwendea alitoa sharti moja: liandikwe jiwe 1147, na liandikwe lote, la sivyo atamaliza kazi saa kumi na kwenda nyumbani kama siku nyingine. Tunaliandika alivyolisimulia, na pale tulipoweza tumelinganisha na vitabu vya ofisi.

Mwaka 1993 Mama Thelathini alikuwa katika mwaka wake wa majaribio, na nyumbani alikuwa na mtoto wa miezi mitano. Aliyemfundisha kazi alikuwa Fundi Mkuu, mtu mrefu asiye na maneno mengi, ambaye wakati huo alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu. Tarehe 13 Oktoba Fundi Mkuu alichukua likizo ya siku tatu. Tarehe 14, siku ya Alhamisi, mtaalamu wa zamu aliingia na jiwe jeusi laini, kubwa kama kipande cha sabuni, lililotoka kwenye mteremko uliokuwa ukichimbwa kupitisha barabara. Lilitakiwa haraka. Juu yake palikuwa na mshale wa rangi nyekundu, uliochorwa na waliolitoa, kuonyesha upande gani ulikuwa juu na jiwe lilikuwa limeelekea wapi lilipokuwa bado mahali pake.

Mshale huo kwenye mwamba uliogeuzwa ndio kila kitu. Jiwe la aina hiyo ni kama daftari lililofungwa. Ukilikata kukingama kurasa, unaona kingo zake zote, mstari juu ya mstari, na unajua litabandukia wapi. Ukilikata kufuata kurasa, unaona uso wa ukurasa mmoja tu, ulanga umetandazwa kila upande, hakuna mstari. Mtaalamu akisoma slaidi hiyo ataandika kwamba jiwe ni zima, halina tabaka.

Binti mgeni wa kazi alitaka kazi yake ionekane safi. Alilitia jiwe kwenye ndoo, akachukua brashi na sabuni, akalisugua mpaka likang'aa. Alipolitoa, mshale haukuwepo.

Angeweza kusubiri siku mbili Fundi Mkuu arudi. Angeweza kumwambia mtaalamu ukweli, wakatafuta jiwe jingine. Alichukua kikopo cha rangi nyekundu, akachora mshale mpya kwa kukisia, akaukausha kwa pumzi yake, akakata. Slaidi ilitoka nzuri sana. Ripoti ikaandikwa: jiwe zima, halina tabaka, mteremko unaweza kuachwa wima.

Jumapili tarehe 12 Desemba, baada ya mvua ya siku tatu, mteremko ulibanduka. Ulizika mashine ya kuchoronga na kibanda cha mlinzi. Mlinzi mwenyewe alikuwa amekwenda kuteka maji, na kwa sababu hiyo hakuna roho iliyopotea. Kilichobaki cha jiwe 1147 kilikatwa upya, upande mwingine, na mistari ikaonekana wazi kama vitabu kwenye rafu.

Tume iliundwa Januari. Katika rejista, safu ya "Aliyekata" kwenye mstari wa 1147 ilikuwa tupu, kwa kuwa mtu wa majaribio hakuruhusiwa kutia saini mpaka kazi yake ikaguliwe. Asubuhi ya kikao, Mama Thelathini alimkuta Fundi Mkuu ameinamia rejista, kalamu mkononi, anajaza jina lake mwenyewe. Alimwambia, "Baba, hapana." Akajibiwa bila kuinuliwa macho: "Mimi nimebakiza mitatu. Wewe una thelathini. Kalete chai."

Fundi Mkuu alivuliwa ukuu, akapelekwa bohari kupanga masanduku ya mawe mpaka alipostaafu. Adhabu hiyo aliibeba. Iliyoendelea ni nyingine. Mtu mmoja, hatukumbuki nani, alimwita Mzee Kinyume, na jina likanata. Tunaliandika hapa mara hii moja ili kila anayesoma ajue ni lipi. Lilimfuata bohari, likamfuata kwenye karatasi ya pensheni, likaingia mtaani kwao. Kila slaidi iliyoharibika ilipewa jina lake. Wafanyakazi wapya walifundishwa jina hilo kabla hawajajua choo kilipo. Sote tuliliita, na mwandishi wa wasifu huu akiwemo, kwa miaka ishirini na miwili aliyofanya kazi hapa, na alikuwa akilicheka.

Mama Thelathini hakulitamka, lakini pia hakumkataza mtu. Mwaka 1996, siku Fundi Mkuu alipostaafu, alimfuata na kumwambia anataka kusema. Mzee alimjibu, "Ukisema sasa, watanikatia pensheni mimi kwa uongo na kukufukuza wewe kwa jiwe. Saga." Huo ulikuwa mwaka 1996. Baada ya mwaka huo hakuna aliyemkataza ila yeye mwenyewe. Maneno hayo ni ya Mama Thelathini mwenyewe, na ameagiza yabaki hivyo hivyo bila kulainishwa.

Alichofanya ni kuwa mkali. Wengi tulimwona mkorofi. Jiwe haligusi maji katika maabara hii mpaka lichorwe mshale pande tatu na kupigwa picha, na fundi aliyewahi kusahau hilo alifokewa mpaka akatafuta nauli ya kurudi kwao. Sikukuu zote alimpelekea mzee sukari na sabuni. Alikaa sebuleni kwake saa moja, wakazungumza habari za watoto, akaaga.

Fundi Mkuu alifariki mwezi Novemba mwaka jana akiwa na miaka themanini na saba. Ofisi ilimtuma msemaji mazikoni. Msemaji alikuwa mtu mwema, alitaka kuwafariji wafiwa, na akamtaja marehemu kwa lile jina. Watu walicheka huku wakilia, kama inavyotokea msibani. Mjane naye alitabasamu. Mama Thelathini aliondoka kabla ya dua kwisha.

Mwaka huu, tarehe 20 Mei, aliingia kwa Mkurugenzi na kuomba rejista irekebishwe. Mkurugenzi, kwa nia njema, alimsihi asubiri walau amalize sherehe yake. "Mama, yaliyopita si ndwele."

"Ndwele ilikuwa ya mwenzangu, Bwana Mkurugenzi," alimjibu. "Mimi nilikuwa na dawa mfukoni."

Ulitakiwa ushahidi. Uliletwa kutoka chumba cha pili, kwenye kitabu cha mahudhurio cha mwaka 1993: Fundi Mkuu, likizo, tarehe 13 hadi 15 Oktoba. Rejista inaonyesha jiwe lilikatwa tarehe 14, na mtu ambaye hakuwepo kazini hangeweza kulikata. Kitabu hicho kilikuwa kwenye rafu ileile muda wote, hatua kumi na nne kutoka kwenye rejista, na katika miaka thelathini hakuna aliyekifungua. Kucheka kulikuwa kwepesi kuliko kufungua kitabu.

Jumatatu tarehe 3 Juni, mbele ya mashahidi wawili, jina lilikatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, kama kanuni inavyotaka, ili lililoandikwa kwanza liendelee kusomeka. Juu yake Mama Thelathini aliandika jina lake, tarehe na saini.

Ikabaki kwa mjane. Alikwenda Jumamosi tarehe 15, akaomba tumsindikize. Mjane alikuwa amekaa kwenye kochi lenye kitambaa cha kufuma, anakunja nguo zilizotoka kamba, akatupokea kwa furaha: "Karibu mwanangu, mbona si sikukuu?"

"Mama, lile jiwe nililikata mimi."

"Jiwe gani?"

"Lililompa baba jina."

Mama wa watu aliendelea kukunja shuka. Aliikunja mpaka ikawa ndogo kuliko inavyohitajika, akaikunjua, akaianza upya. Aliposema, hakusema alichotarajiwa kusema.

"Mimi ndiye niliyempeleka kwa daktari wa macho, akaingia peke yake," alisema. "Nilimwambia, Baba Watoto, macho yamechoka, utaua watu. Nilimsema sana. Mbele ya watoto nilimsema. Akanyamaza, akavaa miwani mpaka anakufa."

Alisimama, akaingia chumbani, akaitoa miwani kwenye kopo la bati. Alimpa Mama Thelathini aishike, labda kwa ukumbusho tu. Lakini yule ni mtu wa vioo. Aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaisogeza mbele na nyuma, akaisogeza tena. Nondo za dirisha hazikukua wala hazikupungua. Angeweza kuirudisha kimya. Aliwahi kunyamaza kabla, na alijua kunyamaza kunafika wapi.

"Mama, hii haina nguvu. Ni kioo kitupu."

"Kitupu vipi?"

"Macho yake yalikuwa mazima."

Mjane aliichukua, akaivaa yeye, akatazama ukuta, akatazama mikono yake. "Mzee yule," alisema. "Kila nikimpa sindano atie uzi: loo, mke wangu, bila miwani hii ningekuwa wa kushikwa mkono." Akaanza kucheka, na kicheko hicho hatukuweza kukisikiliza. Kisha alisema, "Nendeni. Sina la kukwambia sasa. Nikiwa nalo nitakutafuta." Hakutusindikiza mlangoni.

Zikapita siku kumi na mbili bila neno. Katika siku hizo Mama Thelathini alisaga slaidi ishirini na tatu, zote za mikroni thelathini kamili, na mchana hakugusa chakula chake. Kamati ilipendekeza mtu atumwe kumwomba mjane aje. Alikataa. Alisema anayeombwa msamaha hatumiwi mjumbe.

Jana Alhamisi saa tisa na dakika kumi alasiri simu ya ofisi iliita. Alikuwa mjane. Alisema anasikia kuna sherehe, na kwamba atakuja. Kuhusu kusamehe alisema bado analisaga, na kwamba hataki kuharakishwa. Alitoa sharti moja tu: asilisikie lile jina. Asilisikie kwenye kipaza sauti, wala nyuma ya mkono, wala kwa utani. "Mkimtaja," alisema, "mtajeni kwa cheo chake."

Kwa hiyo, wenzetu wapendwa, mnaosoma karatasi hii mkisubiri sherehe ianze: atakuwa safu ya pili, upande wa dirisha, amevaa miwani ambayo haina nguvu. Mkurugenzi atasoma mstari wa 1147 kama ulivyo sasa. Aliyelizoea lile jina, auume ulimi wake. Marehemu alikuwa Fundi Mkuu. Hakuwahi kulikosea jiwe hilo.

Mama Thelathini, umetufundisha kusaga, na mwezi huu umetufundisha jambo ambalo hatukuomba kufundishwa. Tunakushukuru kwa yote mawili, ingawa la pili limetuachia aibu yetu wenyewe. Mumeo ametuambia kwamba tangu mazishi ya Novemba ulikuwa ukikaa kitandani macho makavu mpaka majogoo, na kwamba jana, baada ya kuambiwa habari ya simu ile, hukula, ukajinyoosha kwenye kochi na viatu vyako miguuni. Ulilala saa mbili na dakika arobaini usiku. Alikuvua viatu, hukuamka. Tunakuombea uzee wenye siku nyingi zinazokwisha hivyo.